Uchifu ulifutwa, chifu akawa Spika: jibu kuhusu Adam Sapi Mkwawa

Kamwene mwalimu,

Nalifupisha swali lako la kutoka Mafinga ili na wasomaji wengine walifuate. Unafundisha historia sekondari, umefika kwenye mada ya ujenzi wa taifa baada ya uhuru, na mwanafunzi mmoja amekubana: kama Serikali ya Nyerere ilifuta uchifu, ilikuwaje Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa akawa Spika wa Bunge kwa zaidi ya miaka thelathini? Alinunuliwa? Nawe umeongeza la kwako: alikuwa mwanasiasa kweli, au pambo tu?

Nianze na hesabu, maana wanafunzi hukariri tarakimu kabla ya hoja. Alishika kiti cha Spika mwishoni mwa Novemba 1962, akakiacha Novemba 1973. Erasto Mang'enya akakaa hapo kwa takriban miaka miwili. Novemba 1975 Adam Sapi alirudi na hakuondoka mpaka Aprili 1994. Ukijumlisha vipande vyote viwili unapata kama miaka 29 na nusu. Thelathini haikutimia, lakini hata hivyo hakuna Spika mwingine wa nchi hii aliyemkaribia.

Sasa jibu lenyewe, halafu nitakuonyesha nimelipata wapi. Kilichofutwa mwaka 1963 ni madaraka ya machifu. Watu wenyewe hawakufutwa, na yule aliyekubali kuvua madaraka angeweza kupewa kazi nyingine. Adam Sapi alipewa kazi yenye heshima kubwa, lakini isiyo na amri juu ya kijiji, shamba wala kodi ya mtu yeyote. Ilimfaa yeye, na iliifaa zaidi Serikali. Kununuliwa ni neno kubwa mno, na nitaeleza kwa nini silikubali.

Mwanafunzi wako anapaswa kwanza kujua ni uchifu gani hasa tunaouzungumzia. Watu wengi hapa Iringa wanapowaza chifu wa Wahehe wanamwona Mkwavinyika mwenyewe, yaani Mkwawa, babu yake Adam Sapi: Lugalo, Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kinaangamizwa, Kalenga, ngome yake, inaangushwa kwa mizinga mwaka 1894, Mtwa, yaani mtawala wa Wahehe, anapigana porini mpaka Julai 1898, anapojiua kuliko kukamatwa. Ule ulikuwa utawala uliosimama kwa nguvu zake wenyewe. Wajerumani waliuvunja. Kiti alichokuja kukalia Adam Sapi kilikuwa kingine. Waingereza walipoanzisha mfumo wa mamlaka za wenyeji chini ya Gavana Cameron, mwaka 1926, walimweka Sapi, mtoto wa Mkwavinyika, kuwa chifu wa Uhehe, na mwaka 1940 mjukuu akakipokea kiti akiwa kijana wa miaka 20.

Chifu wa mfumo ule alikuwa na mshahara. Alisimamia ukusanyaji wa kodi ya kichwa, mahakama yake ilihukumu mashauri ya ng'ombe, ndoa na mipaka, chini yake walikuwepo wazagila, yaani watawala wadogo wa Kihehe, na majumbe, na juu yake alikuwepo bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, mwenye uwezo wa kumwondoa. Ukimweleza mwanafunzi hivyo, mambo ya 1963 hayamshangazi tena. Kiti kilichorudishwa kwa sheria ya Serikali moja kilikuja kuondolewa kwa sheria ya Serikali nyingine, wala haukuhitajika mzinga wowote kukiondoa.

Mwaka ambao ningependa darasa lako ulikariri kuliko 1963 ni 1947. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza kukutana mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza wawili waliteuliwa mwaka 1945, wote machifu: Kidaha Makwaia kutoka Shinyanga na Abdiel Shangali wa Machame. Wa tatu alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mwaka 1947, akiwa na miaka 27. Mwaka huo TANU haipo, na Nyerere ni mwalimu kijana Tabora. Nyerere naye aliingia kwenye baraza lile mwaka 1954, tena kwa muda, kumshikia nafasi Makwaia huyohuyo. Kwa hiyo Bunge la Tanganyika huru lilipotafuta mtu wa kukaa mbele na kuongoza mijadala, Waafrika waliowahi kuketi kwenye chumba cha kutunga sheria tangu miaka ya arobaini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Huyu alikuwa mmoja wao. Watu hutafuta njama mahali ambapo uzoefu unatosha kuwa maelezo.

Halafu kuna jina. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, ndani ya miezi sita. Ilipita miaka 35. Gavana Twining ndiye aliyelifuatilia mpaka Bremen, na mwaka 1954 akalileta Kalenga mwenyewe na kumkabidhi Adam Sapi mbele ya umati. Kalenga ni jirani yenu, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, na fuvu lipo mpaka leo kwenye kisanduku cha kioo ndani ya makumbusho. Kwa Twining ile ilikuwa siasa. Alitaka machifu wawe ukuta kati ya Serikali yake na vijana wa vyama, na mwaka 1957 akawakusanya katika mkutano wao Mzumbe. Lakini sherehe ilifanya pia jambo ambalo pengine gavana hakulipigia hesabu. Ilimfanya Adam Sapi ajulikane nchi nzima kama mjukuu wa mtu aliyewapiga wazungu. TANU ilizaliwa mwaka huohuo, Julai 7, na chama kinachodai uhuru kilikuwa na haja ya mashujaa wa aina hiyo. Machifu wengine walikuja kwenye uhuru na sifa ya kukusanya kodi. Adam Sapi naye alikuwa na sifa hiyo, lakini jina la babu liliifunika.

Tuje 1962. Desemba 9 Tanganyika inakuwa Jamhuri. Wiki mbili hivi kabla ya siku hiyo, kiti cha Spika kinabadilika. Aliyekuwepo tangu 1956 ni Abdulkarim Karimjee, wa familia ya wafanyabiashara ambayo jina lake liko kwenye ukumbi ule wa Dar es Salaam Bunge lilipokuwa likikaa. Anayeingia ni chifu wa Uhehe. Mwaka unaofuata, Bunge linapitisha sheria ya kufuta sheria ya machifu, na nyingine ya kushughulikia matokeo yake. Angalia vizuri hapo: Bunge lililofuta cheo cha chifu lilikuwa linaongozwa na chifu. Ukitaka picha moja ya kuwapa wanafunzi wako kuhusu jinsi Tanganyika ilivyomaliza jambo hili, ni hiyo. Hoja inasomwa, inajadiliwa, wanaoafiki waseme ndiyo, na kiti cha Kalenga kinakwisha kisheria bila risasi hata moja.

Linganisha na jirani zetu. Uganda ilimfanya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kuwa Rais mwaka 1963, mwaka uleule sisi tunafuta. Aliendelea kuwa na ufalme, na baraza lake, na ardhi, na watu wanaomtii kabla ya Serikali. Mei 1966 jeshi la Obote likashambulia ikulu yake Mengo, naye akakimbilia Uingereza. Hapa kwetu jambo hilo lilimalizwa mapema, wakati machifu wengi walikuwa wamechoka na watu wamewachoka.

Nisikudanganye, lakini: si wote waliopita salama. Hapa ndipo swali la mwanafunzi wako linapopata uzito, kwa sababu Adam Sapi hakuwa mfano wa kawaida. Thomas Marealle, Mangi Mkuu wa Wachaga, aliangushwa na kura za watu wake mwenyewe mwaka 1960, hata kabla ya uhuru. Abdallah Fundikira wa Unyamwezi alikuwa Waziri wa Sheria, akajiuzulu mwaka 1963, na vyama vingi viliporudi miaka ya tisini akaanzisha chama chake cha upinzani. David Kidaha Makwaia, yule wa kwanza kabisa kuteuliwa mwaka 1945, na mtu ambaye Nyerere alimshikia nafasi, alipelekwa Tunduru kukaa huko kwa amri ya Serikali. Na usisahau kuwa Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki, hivyo alijua kwa ndani jinsi kiti hicho kinavyofanya kazi na jinsi kinavyoweza kumsumbua mtu wa Serikali anayetoka nje ya kabila.

Kwa nini Mkwawa akapanda na Makwaia akatupwa Tunduru? Kwa maoni yangu ni kwamba wenzake walitaka kuendelea kusema. Fundikira alikuwa na msimamo wake, Marealle alikuwa na katiba yake ya Uchagani na mpango wake. Kazi ya Spika inamtaka mtu afanye kinyume cha hayo: asikilize, aite majina, akate muda, atoe mwongozo. Katika nchi inayofuata taratibu za Bunge tulizorithi kwa Waingereza, Spika hachangii hoja. Mtu ambaye neno lake lingekuwa zito kuliko la mbunge yeyote wa Nyanda za Juu Kusini alipewa kiti kinachomzuia kulitoa hadharani.

Uzito wa jambo hili ulionekana siku ya Krismasi mwaka 1971. Unaifahamu habari, hakuna mtu wa Iringa asiyeifahamu. Isimani, barabara ya Dodoma, ilikuwa imegeuka kuwa ghala la mahindi, matrekta yanalima, wakulima wenye mashamba makubwa wamepata fedha. Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa, alikuwa anasukuma vijiji vya ujamaa kwa nguvu zake zote. Siku hiyo alifika shambani kwa Saidi Mwamwindi huko Mkungugu akamkuta analima. Maneno yakazidi, Mwamwindi akachukua bunduki akamuua. Kisha akaupeleka mwili mwenyewe polisi Iringa mjini. Alihukumiwa, akanyongwa.

Wazee wengi huuliza Mtwa, yaani Adam Sapi, alikuwa wapi. Alikuwa Dar es Salaam, amevaa joho la Spika. Sina haki ya kusema aliwaza nini au alimwambia nini Rais faraghani. Ninachoweza kusema ni kwamba miaka thelathini nyuma yake, ugomvi wa ardhi wa ukubwa ule ungeanzia kwenye baraza la wazagila na kupanda hadi kwa chifu kabla haujafika kwenye bunduki. Mwaka 1971 ngazi hiyo haikuwepo. Kulikuwa na Mkuu wa Mkoa aliyeteuliwa, chama, na mkulima. Mtu ambaye zamani angekaa katikati yao alikuwa amekalia kiti kingine, mbali. Hii ndiyo bei ambayo Iringa ililipa kwa heshima ile, na ndiyo sababu sipendi jibu rahisi la kwamba kufutwa kwa uchifu kulikuwa ushindi mtupu. Wala sitaki ugeuze kuwa hadithi ya zama nzuri zilizopotea. Wazagila nao walikuwa na dhuluma zao, na vijana waliojaa kwenye matawi ya TANU miaka ya hamsini hawakwenda huko kwa sababu walikuwa wanadekezwa na majumbe.

Sasa swali lako mwenyewe, la pambo. Spika wa chama kimoja ni mwamuzi wa mechi ambayo matokeo yake yamepangwa mahali pengine. Tangu Katiba ya muda ya 1965, mtu wa Bara haingii bungeni bila TANU. Wananchi walichagua kati ya wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba, na walichagua kwelikweli, maana mwaka ule hata Waziri wa Fedha Paul Bomani aliangushwa. Lakini mambo mazito yalikuwa yanapikwa kwenye Halmashauri Kuu ya chama. Oktoba 1968 chama kiliwafukuza uanachama wanasiasa tisa, wakiwemo Oscar Kambona aliyekuwa tayari uhamishoni, Kasella-Bantu, na Eli Anangisye wa Rungwe. Kadi ikiondoka, kiti kinaondoka. Spika hakuulizwa, wala kanuni hazikumpa la kuuliza. Mwaka 1975 katiba ikaandika wazi kwamba chama ndicho chenye kauli ya mwisho. Ukimtafuta Spika anayeitikisa Serikali katika miaka ile, humpati, na mtu mwingine yeyote angekaa pale usingempata vilevile.

Hata hivyo pambo halina kazi, na yeye alikuwa nayo. Chini yake, Bunge lililoanza na wabunge wachache wa Tanganyika likawa Bunge la Muungano. Hati za Muungano zilisainiwa Aprili 22, 1964, na tarehe 25 wabunge wakaziridhia katika kikao alichokuwa Spika wake. Mwaka 1973 wabunge waliukataa muswada wa Serikali wa kodi ya mapato. Wabunge wa TANU, mbele ya mawaziri wa TANU! Rais akatishia kulivunja Bunge, muswada ukarudi, ukapita. Ulipita, ndiyo, lakini ukumbi ambao mbunge anathubutu kusema hapana unahitaji mtu mbele anayehakikisha aliyesimama anasikika hadi mwisho.

Mfano mkubwa zaidi ni wa karibu na kwenu. Mwaka 1993 wabunge 55, wote wa CCM, waliwasilisha hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Kundi lile likaitwa G55, na aliyeliongoza ni Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa, kule Chunya mkoani Mbeya. Waliokuwa na nguvu zote nchini hawakuitaka hoja hiyo, Nyerere akiwa wa kwanza. Ilifika mezani, ikajadiliwa, na Agosti ikapita. Mwaka uliofuata chama kiliizima. Adam Sapi alikuwa na miaka 73 wakati huo na hakuwa na cha kutafuta tena. Sitasema aliiunga mkono, maana Spika haungi mkono. Ila Spika anayetaka kuua hoja ana njia kumi za kanuni za kuiulia mezani kabla haijasomwa, na hii haikufia mezani.

Ndiyo maana neno kununuliwa silitaki. Mtu hununuliwa ili atende asilolitaka. Kutokana na yote yanayoonekana, huyu alitaka kazi hii na aliiweza: alikuwa mtulivu, mwenye elimu ya Malangali, Tabora na Makerere, aliyezoea tangu utotoni kusikiliza mashauri ya watu wanaogombana huku uso wake hausemi upande gani unashinda. Baraza la chifu lilimfundisha hilo kabla ya kanuni zozote za Bunge. Alikuwa mwanasiasa, lakini wa aina ambayo vitabu vya shule havina sura yake, kwa sababu vitabu vyetu vinapenda wahutubiaji.

Shule aliyoiacha ilikuwa na wanafunzi. Pius Msekwa alikuwa Katibu wa Bunge chini yake miaka ya sitini, na ndiye aliyempokea kiti mwaka 1994. Anne Makinda wa Njombe aliingia bungeni mwaka 1975, mwaka uleule mzee aliporudi kitini, na mwaka 2010 akawa Spika mwanamke wa kwanza. Ukimwongeza Tulia Ackson wa Mbeya, aliyechaguliwa Februari 2022, Nyanda za Juu Kusini zimetoa Spika watatu. Mimi sijui kama ni bahati au ni tabia, lakini wanafunzi wako watalipenda swali hilo.

Kuna moja ambalo hukuliuliza, nalo litakuja. Watakuambia: mbona Kalenga bado kuna chifu? Adam Sapi alifariki mwaka 1999, mwanawe Abdu akarithi, na Abdu alipofariki Februari 2015 ukoo ulimsimika mtoto wake wa kiume aliyekuwa bado anasoma shule. Magazeti yalijaa picha. Wajibu kwamba kwa ukoo na mila ni chifu, na anastahili heshima hiyo. Kwa sheria hana mahakama, hakusanyi kodi, hagawi ardhi. Viongozi wa Serikali huenda kwenye sherehe hizo na hupewa hata majina. Rais Samia alipewa la Hangaya na machifu huko Mwanza, mwaka 2021. Ukitazama vizuri utaona kwamba wanaokwenda kutafuta baraka siku hizi ni wanasiasa, na miaka ya hamsini machifu ndio waliokuwa wanatafuta nafasi kwa gavana.

Kwa kipindi kijacho, jaribu hivi. Gawa darasa, nusu wawe wabunge wa 1963 wanaotaka uchifu ufutwe, nusu wawe wanaoutetea, kisha mteue mwanafunzi mmoja awe Spika, na umwambie yeye ni chifu. Asiruhusiwe kuchangia, atoe nafasi sawa kwa pande zote, na mwisho atangaze matokeo. Ukipata nafasi ya kwenda Dodoma, taarifa rasmi za majadiliano zipo Maktaba ya Bunge. Omba za mwaka 1963 na uwanakilie kurasa chache za mjadala halisi walinganishe na wa kwao.